Samadi ya kuku shambani: jinsi ya kuizuia naitrojeni isiondoke na hewa

Pita kando ya shamba lililomwagiwa samadi ya kuku jana, na usiku yakashuka manyunyu. Pua itajua kabla ya macho. Ile harufu inayochoma mpaka machozi yatoke ni amonia, na amonia ni naitrojeni, chakula kinachoupa mmea ukijani, iliyoshapata njia ya kuondoka. Wengi husikia harufu hiyo wakafurahi kwamba samadi "ni kali". Ni kali kweli, ila huo ukali unaousikia puani haupo tena shambani.

Nilijifunza hili kwa hasara yangu mwenyewe. Nilitawanya magunia kama 20 kwenye robo ekari, nikawa namngoja mwenye plau. Siku ile ile tulianza kufukia kwa jembe kutoka ukingoni, tukamaliza matuta matatu, jua likatushinda tukaacha. Plau ikaja baada ya siku tisa, na katikati hapo manyunyu yalikuwa yameshuka mara mbili. Wiki ya tano baada ya kupanda, matuta yale matatu yalikuwa ya kijani kilichoiva, majani mapana, na mengine yote yana umanjano wa mmea wenye njaa. Samadi ilikuwa moja, mbegu moja, siku ya kupanda moja. Kilichotofautiana ni muda ambao samadi ililala juu ya udongo.

Karibu kila hatua iliyo hapa chini inahusu muda huo: unaanza lini, na unaufupisha vipi.

Kofia nyeupe

Kiangalie kinyesi cha kuku kwa karibu. Kuna sehemu ya kahawia au ya kijani, na juu yake kuna kofia nyeupe kama chokaa iliyokolea. Ndege hana mkojo wa majimaji kama ng'ombe. Naitrojeni ambayo ng'ombe huitoa kwenye mkojo ikiwa yurea, kuku huitoa ikiwa asidi ya yuriki, na hiyo ndiyo kofia nyeupe. Sehemu kubwa ya naitrojeni ya kinyesi kibichi imo humo, mara nyingi zaidi ya nusu.

Asidi ya yuriki haiyeyuki kirahisi katika maji, na ikiwa kavu hutulia. Ikipata unyevu na joto, vijidudu huivunja hatua kwa hatua mpaka iwe yurea, kisha yurea huvunjika ikawa amonia. Kwa hiyo samadi kavu ni mali iliyofungiwa, na maji ndiyo ufunguo. Visiwa vya Chincha vya Peru vilirundika kinyesi cha ndege wa baharini kwa miaka mingi mno bila kupoteza naitrojeni yake kwa sababu mvua karibu haipo kule. Karne ya 19 Ulaya ilikipakia kwa meli kama mbolea ya thamani. Kinyesi kama hicho kikiwa mahali penye mvua, sehemu kubwa ya naitrojeni ingekuwa imeshapotea.

Jambo la pili ni uchachu wa samadi yenyewe, unaopimwa kwa pH, namba ambayo hushuka uchachu ukizidi na hupanda uchachu ukipungua. Ndani ya unyevu, naitrojeni hii hukaa kwa sura mbili: amoniamu, ambayo hubaki majini na kushikwa na udongo, na amonia, ambayo ni gesi. Kwenye joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7 gesi haifiki hata asilimia 1. Ikiwa 8 inakuwa kama asilimia 5. Ikiwa 9 inapita theluthi. Tena yurea inapovunjika hupandisha pH palepale ilipo, kwa hiyo punje ya samadi iliyolowa hujifungulia mlango yenyewe.

Hatua ya 1: Itunze ikiwa kavu mpaka siku ya kazi

Hasara ya shambani mara nyingi huanzia nyuma ya banda. Samadi iliyotolewa bandani na kumwagwa wazi hunyeshewa, huchemka, na huvuta mvuke wenye harufu kwa wiki kadhaa. Ukiipeleka shambani baada ya hapo, unabeba uzito bila nguvu.

Chagua mahali pa juu ambapo maji hayatuami. Tandika chini kitu kisichopitisha maji, rundika kwa umbo la pia ili maji yateleze, kisha funika kwa turubai au nailoni nzito na ukandamize kingo kwa mawe au udongo. Usiichokoe wala kuigeuzageuza. Kila unapoifungua unaipa hewa na kuachia gesi iliyokuwa imenaswa.

Ukiwa na banda la kuku wa nyama wanaolalia maranda au pumba, angalia chini ya vinyweo. Hapo ndipo matandiko hulowa na kuganda. Matandiko hayo toa peke yake, yapeleke shambani kwanza na uyafukie siku hiyo hiyo. Ukiyachanganya na makavu yanailowesha mali yote.

Kwenye mabanda makubwa ya Marekani wapo wanaonyunyizia matandiko salfeti ya alumini, ndugu yake shabu. Inayatia uchachu na kuibakiza naitrojeni katika sura ya amoniamu. Inafanya kazi vizuri. Kwa mwenye banda dogo, turubai na kinyweo kisichovuja vinampeleka mbali kabla hajafikiria kununua kemikali.

Hatua ya 2: Jua umebeba nini

Maabara ikikupimia, vizuri. Usipokuwa nayo, makadirio yatakutosha kuanza. Matandiko ya kuku wa nyama yaliyo makavu kiasi, yaani karibu asilimia 60 si maji, huwa na kama kilo 28 za naitrojeni kwa tani. Samadi ya kuku wa mayai yenye unyevu zaidi, ambayo asilimia 40 yake tu ndiyo si maji, huwa na kama kilo 19. Kati ya hizo, sehemu ya haraka, ambayo tayari ni amoniamu au ni asidi ya yuriki, ni kama theluthi mpaka nusu. Hiyo sehemu ya haraka ndiyo mmea hula msimu huu, na hiyo hiyo ndiyo huweza kupaa. Iliyobaki imefungwa kwenye mabaki na itatoka polepole.

Piga hesabu. Tani moja yenye kilo 28, ukichukulia asilimia 40 ndiyo ya haraka, ina kama kilo 11 zilizo hatarini. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya yurea una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo kila tani ya samadi hubeba karibu nusu mfuko wa yurea unaoweza kupotea. Mtu aliyemwaga nusu mfuko wa yurea barabarani angerudi kuufagia.

Kuna jaribio la chupa ambalo hunisaidia kujua hali ya samadi ninayoletewa. Tia konzi moja ya samadi kavu kwenye chupa yenye mdomo mpana, tia maji kidogo iwe kama uji mzito, funga, iache mahali pa joto mpaka kesho. Fungua ukiwa umeiweka mbali na uso. Ikikurudisha nyuma kwa harufu ya amonia, bado ina mali. Ikinuka udongo tu au uozo wa kawaida, sehemu ya haraka imekwisha kuondoka au kubadilika, basi usiihesabu kama mbolea ya kukuzia. Hili si kipimo cha kilo, ni kipimo cha ndiyo au hapana.

Hatua ya 3: Pima kiasi kabla ya kutawanya

Tani 5 kwa hekta ni nusu kilo kwa mita moja ya mraba. Kwa samadi yenye kilo 28 kwa tani, hiyo ni kilo 140 za naitrojeni kwa hekta, na kwa mazao mengi hutaki kupita hapo sana. Nchi za Umoja wa Ulaya, chini ya agizo lao la nitrati la mwaka 1991, huweka ukomo wa kilo 170 kwa hekta kwa mwaka kutoka samadi ya mifugo katika maeneo yaliyo hatarini kuchafuliwa maji.

Jaza ndoo yako mara moja, ipime kwa mizani, andika uzito kwenye ndoo yenyewe kwa rangi. Ukijua ndoo ina kilo 8, unajua inatosha mita 16 za mraba. Pima kipande hicho kwa kamba, mwaga, angalia inavyoonekana. Baada ya vipande viwili vitatu jicho litakuwa limezoea.

Hatua ya 4: Chagua saa

Joto huharakisha vijidudu na huisukuma gesi itoke majini. Upepo huizoa gesi iliyolala juu ya udongo na kuipisha nyingine. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni adhuhuri yenye jua na upepo juu ya udongo wenye unyevunyevu. Anza jioni jua likiwa limepoa, au alfajiri kabla ya upepo kuamka, ilimradi ufukie kabla ya joto.

Kuhusu mvua kuna kosa linalorudiwa sana. Watu husema "nimwage kabla ya mvua, itaingiza yenyewe ardhini". Mvua nzuri ya milimita 10 na zaidi ni kweli huizamisha sehemu iliyokwisha kuyeyuka. Lakini manyunyu ya milimita 2 au 3 hufanya kinyume: yanailowesha samadi, yanawaamsha vijidudu, halafu jua linarudi na udongo unakauka huku gesi inatoka. Manyunyu ndiyo yaliyoniponza mimi. Na mvua kubwa ya gharika kwenye mteremko huibeba samadi yote hadi mtoni. Kumtegemea mbingu hapa ni kamari. Jembe halina kamari.

Hatua ya 5: Tawanya kidogo, fukia mara moja

Hapa ndipo penye mali, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Udongo una chaji hasi kwenye chembe za mfinyanzi na mboji, na amoniamu ina chaji chanya, kwa hiyo ikigusana na udongo hushikwa. Sentimita chache tu za udongo juu ya samadi zinatosha kuinasa gesi nyingi kabla haijafika hewani. Huhitaji kuizika kama maiti. Sentimita 5 mpaka 10 zinatosha, ilimradi hakuna mabonge yaliyobaki wazi. Kwenye mchanga mtupu ongeza kina kidogo, kwani mchanga hauna mikono mingi ya kushikia.

Mwongozo wa kudhibiti amonia wa Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya huonyesha tofauti hii kwa takwimu. Samadi isiyo majimaji ikifukiwa mara moja kwa plau inayogeuza udongo, upotevu hupungua kwa takriban asilimia 90. Ikifukiwa ndani ya saa 12, kama asilimia 50. Ikifukiwa ndani ya saa 24, kama asilimia 30 tu. Samadi ya kuku ikiwa kavu kabisa huchelewa kidogo kuanza kutoa gesi, kwa sababu asidi ya yuriki inahitaji kwanza kuvunjwa. Hilo linakupa nafasi ya saa chache, halikupi wiki.

Kwa hiyo panga kazi kwa kurudi nyuma. Jiulize kwanza unaweza kufukia eneo kiasi gani kabla ya jua kupanda, ndipo ujue umwage kiasi gani. Watu wengi hufanya kinyume: wanamwaga shamba zima siku ya kwanza kwa sababu toroli au gari limekuja, halafu kufukia kunachukua siku nne. Gari likileta yote kwa pamoja, acha samadi pembezoni ikiwa rundo lililofunikwa, uitoe kwa kipande. Kwenye rundo gesi hutokea kwenye ngozi ya nje tu. Ikitandazwa, kila punje ina uso wake wa kutolea.

Mkiwa wawili, mmoja atangulie na ndoo, mwingine afuate na jembe, nyuma yake mita chache. Nimeona kazi hii ikienda vizuri hata kwa watoto wakubwa wa nyumbani, ila anayemwaga afunike pua na mdomo, maana vumbi la samadi kavu ni baya kwa mapafu. Wenye trekta watangulize kisambazia na plau au haro zifuate shamba hilo hilo siku hiyo hiyo. Haro ya visahani huacha sehemu juu, kwa hiyo haitoshi kama plau, lakini haro ya leo inaishinda plau ya wiki ijayo.

Kama unapanda kwa mistari, kuna njia iliyo bora zaidi kuliko kutawanya: chimba mfereji mdogo, mwaga samadi ndani, funika. Uso unaokutana na hewa unakuwa mdogo sana, na mmea unaikuta karibu. Mbegu isigusane nayo. Amonia na chumvi za samadi ya kuku huunguza chipukizi. Acha sentimita 5 hivi za udongo katikati, au weka samadi pembeni ya mstari, na ukiweza fanya hivyo wiki moja au mbili kabla ya kupanda.

Hatua ya 6: Pale ambapo huwezi kufukia

Mazao yakiwa yamesimama, au shamba halilimwi kabisa, unabaki na njia mbili.

Ya kwanza ni kukwangua. Wakati wa palizi, vuta udongo kidogo pembeni ya mstari, weka samadi mbali kidogo na shina, rudisha udongo. Ni kazi ya mkono lakini palizi ungeipiga hata hivyo.

Ya pili ni maji ya kutosha mara moja. Milimita 10 ni lita 10 kwa kila mita ya mraba, na hizo mwagia baada tu ya kuweka samadi, si kesho. Ukiwa na maji ya kunyunyiza tu, ni afadhali usubiri, kwa sababu tayari unajua manyunyu hufanya nini.

Usitandaze samadi juu ya matandazo ya majani makavu ukidhani umeifunika. Majani huizuia isiguse udongo, huhifadhi unyevu unaoamsha vijidudu, na mabaki ya mimea yenyewe yana kimeng'enya kinachovunja yurea. Sukuma matandazo pembeni kwanza, weka samadi kwenye udongo, ufukie kidogo, ndipo uyarudishe.

Hatua ya 7: Chokaa na majivu vikae mbali

Hili ni fupi. Chokaa hupandisha pH, majivu ya kuni vilevile, na ulishaona juu gesi inavyoongezeka pH ikipanda kutoka 8 kwenda 9. Kuchanganya majivu na samadi ya kuku "ili ipoe" huifukuza naitrojeni mbele ya macho yako, na harufu kali inayotoka hapo ndiyo risiti. Shamba likihitaji chokaa, iweke wiki kadhaa kabla na uichanganye na udongo, samadi ifuate baadaye.

Je, niiozeshe kwanza?

Swali hili huulizwa kila mara. Uwiano wa kaboni kwa naitrojeni katika samadi tupu ya kuku ni kama 10 kwa 1 au chini, na mboji huenda vizuri kwenye 25 mpaka 30 kwa 1. Ziada ya naitrojeni isiyo na kaboni ya kuishikilia huondoka kama amonia wakati rundo linachemka. Kwa hiyo kuozesha samadi tupu kunapoteza mali kuliko kuipeleka kavu na kuifukia. Ukitaka kuozesha, ongeza majani makavu, maranda au mabua kwa wingi mpaka harufu ya amonia inyamaze.

Lakini kuna sababu moja nzuri ya kuozesha, nayo ni usalama. Samadi mbichi hubeba vimelea kama salmonela. Kwa mboga zinazoliwa bila kupikwa, kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kama haigusi. Hapo nakubali kupoteza naitrojeni kidogo.

Njia nyingine ya kutoroka

Naitrojeni iliyofukiwa haijawa salama milele. Ndani ya wiki chache amoniamu hubadilika kuwa nitrati, na nitrati huoshwa na mvua kwenda chini au, udongo ukituama maji, hugeuzwa na bakteria kuwa gesi ya naitrojeni na oksidi ya naitrasi. Hii ya mwisho haina harufu, ila kwa mujibu wa jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi ina nguvu ya kuongeza joto takriban mara 273 kuliko kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Tahadhari ni mbili: usifukie samadi kwenye tope lililotuama, na usiifukie miezi miwili kabla ya kupanda.

Hatua ya 8: Hakikisha kwa beseni

Ukitaka kujua kama kazi yako imeshika, tafuta karatasi nyekundu ya litmasi, zile zinazotumika shuleni. Lowesha kipande kwa maji safi, kibandike ndani ya kitako cha bakuli la kioo au beseni linaloona, lipindue juu ya udongo uliofukiwa, kandamiza kingo. Pindua jingine juu ya kipande ulichokiacha wazi kwa makusudi, upana wa hatua moja tu. Kwenye kipande kilicho wazi karatasi hugeuka bluu, wakati mwingine kabla hujamaliza kunawa mikono. Kwenye kilichofukiwa ikikaa nyekundu, umefanya vizuri. Ikigeuka bluu hapo pia, chokonoa na utaona mabonge meupe yaliyobaki juu. Rudi na reki uyafunike kabla jua halijapanda.